Gari ikikataa kuwaka: maneno kwa shofere na wanachama wa Alimbongo

Haya ni maneno tuliyosema mbele ya wanachama na shofere kisha mkutano wa mwezi. Tumeyaandika karibu vile yalivyotoka mdomoni, juu wengi hawakuweza kufika, na wengine wanatusaidia wakiwa Butembo, Beni na ng'ambo.

Wazee wetu, wamama, wababa, na ninyi shofere muliosimama kule nyuma karibu na mlango: wasingya kutsibu kwa kufika. Leo hatutasema juu ya mbegu za viazi wala juu ya bashi za nyumba. Mambo hayo yalisomwa asubuhi. Tutasema juu ya batri.

Sisi wote tunajua namna tulivyotoka. Mwezi wa 6 mwaka 2024 vita ilifika Kanyabayonga, na watu wa kule wakapanda kwetu na magodoro kichwani. Mwezi wa 12 ikafika Alimbongo yenyewe, na sisi tukashika njia ileile ya Lubero na Butembo tuliyokuwa tunawaonyesha wengine. Mwenye gari yenye mazuti aliondoka nayo. Yule ambaye gari yake ilikuwa na ugonjwa, au tanki ilikuwa kavu, aliiacha nyuma ya nyumba, akaifunika majani ya ndizi au bashi, akatoka na watoto kwa mguu.

Kwa kurudi, wengine hawakuikuta tena. Wengine waliikuta bila batri, juu batri ndiyo kitu cha kwanza kinachobebwa: inataka ufunguo namba 10 tu na mkono wenye nguvu. Na wengine walikuta gari na batri yake, wakamshukuru Mungu, wakaingia, wakazungusha funguo, na hakukusikika kitu. Hata taa ndogo nyekundu ya mbele ya shofere haikuwaka.

Njo maana tunaona batri ni jambo la watu waliorudi. Mtu ambaye hakukimbia anawasha gari kila siku, na batri yake inajazwa kila siku na alternatere. Gari iliyokaa miezi bila kuwashwa, batri inaisha polepole yenyewe. Kama kuna saa, radio au alamu ndani ya gari, hizo zinakunywa kidogo kidogo usiku na mchana mpaka mwisho. Tena mambo hayaishii hapo. Batri ikibaki tupu kwa muda mrefu, kwenye vibati vyake vya risasi kunajengeka unga mweupe, na unga ule unakuwa mgumu kama chokaa. Batri ya namna hiyo unaweza kuichaji siku nzima, inapima vizuri, halafu ukigusa demarere inaanguka mara moja. Hiyo haidanganywi tena kwa ujanja wowote.

Kwa hiyo kwanza tujue tunazika nani. Batri ya gari ndogo iko na vyumba 6, kila chumba kinatoa volti 2 na kidogo. Ikijaa na kupumzika masaa machache inapima volti 12,6 au 12,7. Ikionyesha 12,2 iko kama nusu. Ikionyesha 12 kamili imebaki kitu kama robo. Chini ya hapo, kwa dizeli na kwa baridi yetu, usitegemee. Chombo cha kupimia ni kidogo, kinaingia mfukoni, na fundi yeyote wa radio anacho. Kama hauna chombo, washa taa kubwa halafu zungusha funguo. Taa zikififia mpaka kuzima, batri iko na njaa. Taa zikibaki na nguvu na demarere haigeuki, kosa liko pengine: waya, demarere yenyewe, au mdomo wa batri.

Huo mdomo wa batri tuusemee kidogo, juu tumeona watu wakisukumisha gari kijiji kizima na ugonjwa ulikuwa uchafu tu. Pale waya inaposhika batri kunaotaka unga mweupe au wa kijani. Toa waya ya hasi kwanza, kisha ile ya chanya. Osha kwa maji ya moto, sugua kwa msasa au kwa kisu mpaka risasi ing'ae, rudisha chanya kwanza, hasi mwisho, kaza. Kama inachezacheza bado, pasua kipande cha kopo la nyanya ukiingize kati. Gari ngapi zinawaka hapo hapo! Na kama ukizungusha funguo unasikia "tak" moja tu, mwambie mtu agonge demarere taratibu kwa kipini cha nyundo huku wewe unazungusha. Mara nyingine inaamka. Hiyo ni dawa ya kukufikisha kwa fundi, haiponyeshi.

Sasa, kusukuma.

Sisi watu wa milima tuko na bahati moja ambayo watu wa bonde hawana: mteremko. Shofere wetu wa zamani hakuna aliyeegesha gari kichwa chini bila kujua atatokaje asubuhi. Anaiweka juu, pua inaangalia barabara, jiwe mbele ya magurudumu mawili, vitesi ndani. Asubuhi anaondoa jiwe, gari inashuka yenyewe. Namna ya kufanya munaijua, lakini tuiseme kwa vijana. Weka kontakti, juu bila kontakti utashuka mpaka mtoni bure. Kanyaga ambreyaji mpaka chini, weka vitesi ya pili. Ya kwanza ni mbaya: inafunga magurudumu, gari inaserereka. Kama barabara iko na tope jaribu ya tatu. Gari ikifika mwendo wa mtu anayekimbia, achia ambreyaji mara moja. Motere ikishika, kanyaga tena ambreyaji haraka, shika freni, uiache inguruma pale pale. Kama haina nafasi mbele, hata vitesi ya nyuma inafanya kazi kama kuna mteremko wa nyuma.

Mambo matatu yanaua watu hapo. La kwanza: motere ikiwa imezimwa, freni inakuwa nzito na usukani unakuwa mzito. Unakanyaga mara moja, mara mbili, kisha unakuta kama umekanyaga ukuta. Shofere asiyejua hilo anafikiri freni imekatika, anaogopa, anaacha usukani. Kanyaga kwa mguu wote na uendelee, inashika. Kwa hiyo usijaribu kamwe kwenye mteremko ambao chini yake kuna shule, soko au kona. La pili: mtu anayesukuma akiwa kati ya gari mbili, au anayevuta kwa mbele. Wote wawe nyuma au pembeni kwenye nguzo za milango, na watoto wafukuzwe kabisa, hata wakilia. La tatu: kuvutwa kwa kamba. Gari ya nyuma ikiwaka inaruka mbele na kuingia kwenye ile inayovuta. Kama hakuna njia nyingine, kamba iwe ndefu, na shofere wawili wapatane alama ya mkono kabla.

Lakini kuna gari zisizokubali kusukumwa, na hapa vijana wanapotezaka nguvu zao. Gari otomatiki hazisukumwi. Siku hizi gari ndogo nyingi zinazofika kwetu kutoka Japani kwa kupitia Mombasa na Uganda ni otomatiki: RAV4, Noah na ndugu zao. Ndani ya boksi ya vitesi kuna pampu inayozungushwa na motere yenyewe. Motere isipozunguka, magurudumu hayana namna ya kuishika. Unaweza kuisukuma kutoka hapa mpaka Lubero. Pili, gari za esansi za injeksio, hata zikiwa na vitesi za mkono, zinataka umeme kwa pampu ya mafuta na kwa kompyuta yake. Batri ikiwa dhaifu, kusukuma kunasaidia. Batri ikiwa imekufa kabisa, hakusaidii.

Inayotusaidia zaidi ni dizeli ya zamani, kama Land Cruiser ya chama chetu. Dizeli haina haja ya cheche. Inakamua hewa mpaka hewa inakuwa moto, halafu mazuti yanaungua yenyewe. Hata hiyo, kwenye pampu kuna kidude kinachofungua njia ya mazuti, na kidude hicho kinataka umeme kidogo. Kidogo sana, lakini kinataka.

Hapo ndipo batri ya piki inakuwa rafiki. Hii tunaomba muisikilize, juu ni kitu ambacho wengi hawajui na ambacho kiko mbele ya macho yetu kila siku. Batri ya piki ni ndogo, haiwezi kuzungusha demarere ya gari hata kidogo. Lakini ni ya volti 12 sawa na ya gari, na inaweza kufungua kidude cha mazuti, na kwa gari ya esansi inaweza kulisha pampu na kompyuta kwa dakika chache. Ondoa kwanza batri iliyokufa kwenye waya zake, juu ukiiacha itakunywa nguvu yote ya ndogo. Funga waya za gari kwenye batri ya piki, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Zima taa, radio, vyote. Weka kontakti lakini usifike kwa demarere. Kisha sukuma kama kawaida. Motamari hamsini kwa kijiji wanapita na piki; gari moja iliyokwama usiku inaweza kuamshwa na mmoja wao na vijana sita. Tusitembee nayo mbali namna hiyo. Ni ya kufikisha mgonjwa, au kufika kwa garaji, basi.

Kuazima nguvu kwa gari nyingine ni njia nzuri kuliko kusukuma, kama kable iko. Tunasema kable, hatusemi waya. Demarere ya gari ndogo inavuta ampere 150 au 200, ya dizeli inapita hapo. Waya ya nyumba ikipitishwa nguvu hiyo inakuwa kama waya ya pasi: ngozi yake inayeyuka mkononi mwako. Kable nzuri iko na unene wa milimita za mraba 25, na kwa dizeli 35 ni bora. Mtu aliye na waya nyembamba tu asijaribu kuwasha nayo. Aunganishe, gari nzima ibaki inaunguruma, ile iliyokufa isiguswe dakika 20 au 30, ipate kuchaji polepole. Kisha atoe waya, ajaribu na batri yake mwenyewe. Ashike waya kila dakika. Ikiwa moto, atoe.

Mpango wa kufunga ni huu, na usibadilishwe. Nyekundu kwa chanya ya batri iliyokufa, kisha chanya ya batri nzima. Nyeusi kwa hasi ya batri nzima. Mwisho wa nyeusi usiuweke kwenye batri iliyokufa: uweke kwenye chuma tupu ya motere, mbali na batri. Sababu ni kwamba batri inayochajiwa inatoa hewa inayowaka, na kile kiungo cha mwisho ndicho kinachotoa cheche. Batri inaweza kupasuka kama bomu ndogo, na ndani yake kuna asidi. Asidi ikiingia machoni, maji safi mengi, dakika 15 na zaidi, halafu kituo cha afya. Usiweke maziwa wala mafuta. Na sigara, na kibatari cha kumulikia, vikae mbali. Mumulike kwa telefone.

Fuso na lori zingine ziko na batri mbili zilizofungwa kwa kufuatana, jumla volti 24. Usifunge gari ndogo kwenye zote mbili: unaunguza alternatere na kila kitu chenye akili ndani ya gari. Shofere wa lori akikubali, azime lori yake, na muchukue nguvu kwa batri moja tu, ile ambayo hasi yake inaenda kwenye chasi. Ukichukua ile nyingine na chuma za gari mbili zikagusana, mutaona moto. Land Cruiser zingine nazo ziko na batri mbili, na si zote zimefungwa namna moja. Pima kwanza. Pima, usiulize.

Kuna ujanja mwingine unaosifiwa sana: kutoa batri ya gari ya jirani, kuwasha nayo, halafu kuirudisha na kuweka ya kwako huku motere inaunguruma. Dizeli za zamani zinavumilia mara nyingine. Gari yenye kompyuta inaweza kufa siku hiyo hiyo, juu batri ikitolewa alternatere inarusha umeme bila kipimo. Sisi hatuushauri. Kama umeazima batri, fika nayo mpaka mwisho wa safari, kisha uirudishe motere ikiwa imezimwa.

Manivele tuiache kwa wazee. Gari za zamani zilizungushwa kwa mkono kutoka mbele, na zilivunja mikono ya watu wengi, mpaka Cadillac wa Marekani walipoweka demarere ya umeme kwa gari zao za mwaka 1912. Wale ambao bado wanazungusha mashine ya kusaga kwa manivele wakumbuke tu: kidole gumba kikae upande mmoja na vingine, kisizunguke mti. Manivele ikirudi nyuma inatoka mkononi bila kukivunja. Na ule ujanja wa kupandisha gurudumu kwa kriki na kulivuta kwa kamba kama motopompe, upo, unafanya kazi kwa gari ndogo yenye vitesi za mkono. Lakini gari ikiwaka, gurudumu linazunguka juu ya kriki. Tumesema.

Wengine wanauliza juu ya kuweka batri karibu na moto, kama tulivyokuwa tunaanika mawe ya radio juani. Ni kweli joto linaamsha batri kidogo, na baridi inailaza. Alimbongo yetu iko juu zaidi ya mita 2000; asubuhi na ukungu mafuta ya motere yanakuwa mazito, na hewa yenyewe ni nyembamba, karibu sehemu 8 juu ya 10 za ile ya pwani ya bahari, kwa hiyo dizeli inachelewa kupata moto wake. Kuingiza batri nyumbani usiku, mbali na jiko, ni vizuri. Kuiweka kwa makaa, hapana. Ile hewa tuliyosema haijui kama uko na haraka.

Pano ya jua iko salama kuliko moto. Pano ya wati 100, kukiwa na jua kweli, inatoa kama ampere 5. Ukipata masaa manne ya jua zuri, umerudisha ampere-saa 20, na batri ya 70 inataka siku tatu au nne kujaa. Lakini kuwasha motere hakuli nyingi: ampere 200 kwa sekunde 5 haifiki hata theluthi moja ya ampere-saa. Kwa hiyo batri ambayo imelala tu na haijaharibika, jua la nusu siku linaweza kutosha kuwasha. Pano ipitie regilatere. Isifungwe batri moja kwa moja na kusahaulika. Na kama batri yako iko na vifuniko, angalia maji. Yakiwa chini ya vibati ongeza maji ya batri, si asidi: kinachokauka ni maji peke yake, asidi inabaki ndani. Ukikosa kabisa, maji ya mvua yaliyoangukia moja kwa moja kwenye ndoo safi ya plastiki ni bora kuliko ya kisima. Ya kutoka kwenye mabati yako na kutu.

Tukifika hapa lazima tuseme kitu ambacho hakitapendwa na kila mtu. Batri nyingi zetu hazikuuawa na vita. Zinauawa sasa, nyumbani. Umeme hauko, pano ziliibiwa, watoto wanasoma gizani, telefone za mtaa mzima zinataka kuchajiwa. Basi batri ya gari inatolewa, inaingia nyumbani, inawasha taa mpaka inazima yenyewe. Tunaelewa. Lakini batri ya gari ilitengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha kujazwa mara moja. Ukiimaliza mpaka chini mara kumi au ishirini, imekwisha. Batri ya pano ni ya namna nyingine: inatoa kidogo kidogo kwa masaa. Kwa macho zinafanana, kwa kazi zinapishana kama ng'ombe wa maziwa na wa kulima.

Kwa gari ya chama, kamati ilishasema na tunarudia: batri yake haitoki ndani ya gari kwa ajili ya taa wala telefone wala sherehe ya harusi. Gari hiyo inabeba mama anayezaa, mtoto mwenye malaria kali, mtu aliyeanguka. Inaenda Kayna au inaenda Lubero, kwa kutegemea njia siku ile iko namna gani. Mchana ikikataa kuwaka, tunacheka, tunasukuma, tunaenda. Usiku ni neno lingine. Kuisukuma kunataka watu sita, na munajua wenyewe, siku hizi usiku watu sita hawatoki. Ukigonga mlango saa nane za usiku unamtisha jirani yako bure, na yeye ana haki ya kutofungua. Mama yuko kwenye kiti cha nyuma, uchungu unaendelea, na shofere yuko peke yake na mteremko.

Na hata akiwaka, kuna bariere. Munaambiwa: zima motere, shukeni. Shofere mwenye batri iliyokufa yuko na njia mbili. Kukataa kuzima, hiyo haifai hata kidogo. Au kuzima, halafu kuomba wale wale wenye bunduki wamsukume. Tumeona wakisukuma, na tuliwashukuru, lakini hicho si kitu cha kupangia safari ya mgonjwa. Wale wanaosema "ikiisha kuwaka haizimwi mpaka kurudi" hawajahesabu mazuti, na hawajahesabu bariere.

Kwa hiyo ninyi marafiki munaosoma haya mbali, munaotuuliza kama tuko na haja ya gari ya pili: kamati iliuliza shofere, na shofere walijibu hapana, si sasa. Wanaomba batri mbili mpya za dizeli zinazolingana, moja ndani ya gari na moja inayobaki imechajiwa ofisini. Kable nene ya mita nne. Chombo kimoja cha kupimia. Na pano moja na regilatere yake ili ile batri ya pili isilale tupu. Mtunza mali atasoma bei tulizopewa Butembo kwa maduka matatu, na karatasi zitabaki mezani kwa kila anayetaka kuziangalia. Batri za zamani zisitupwe shambani wala karibu na kisima, na watoto wasizipasue kwa kutafuta risasi; tutazikusanya pamoja na kuziuza kwa wanaozinunua Butembo, pesa iingie kwa sanduku.

Mtu mmoja ameuliza hapa kama wamama nao wajifunze. Tunasema wao kwanza. Usiku ule, mara nyingi anayekaa na mgonjwa ni mama au dada, na mkono wa kushika kable haujali ni wa nani. Anayeweza kuweka nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwenye chuma ameshamsaidia shofere nusu ya kazi.

Sasa tutoke nje kabla mvua haijaanza. Gari ya chama iko juu pale, pua inaangalia kanisa, na jiwe liko mbele ya gurudumu. Tutaanza na kupima, kisha kable, kisha tutaijaribu na batri ya piki. Vijana sita watoshe kusukuma. Wengine wasimame upande wa juu wa barabara, na kila mzazi ashike mtoto wake.